Sindano Bila Uji

“Mama Mubarak, kwani kwa Bashir wanapika nini saa hii ya mchana, na huu ni mwezi wa Ramadhani?”

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yangu Mwanamvita, amesimama uani kwangu na beseni la nguo kiunoni, macho yake kwenye moshi uliokuwa ukipanda nyuma ya nyumba ya Bashir. Mimi nilikuwa napepeta mchele.

“Wanampikia Bi Asmaa uji,” nikamjibu. “Yule ni mgonjwa wa sukari. Aliyemuumba amemsamehe, wewe usimsamehe kwa nini?”

“Nimeuliza tu, dada. Kuuliza si ugomvi.”

“Basi umejibiwa.”

Akacheka, akaenda kuanika nguo zake. Lakini swali lile hakuliacha kwangu. Alilibeba na beseni lake hadi bombani, na kutoka bombani likafika madukani, na likifika madukani huwa si swali tena. Nawaandikia ninyi mnaoishi huku kwetu Kendu Bay, na Homa Bay, na Migori, ili mjue moshi mdogo wa uji ulivyokuja kuzima akili ya mtu.

Bi Asmaa alikuwa mama yake Bashir. Alikuja kwa mwanawe kutoka Migori baada ya kufiwa na mume, na huko Migori alikuwa amefundisha chuo cha Kurani miaka mingi. Hapa kwetu aliendelea. Kila alasiri wasichana walikaa mkekani kwenye baraza yake na juzuu zao, yeye akiwa pembeni anachambua mboga, na wala hakushika kitabu. Msichana akikosea herufi moja tu, Bi Asmaa alisema bila kuinua kichwa, “Rudi nyuma, umeruka.” Alijua kila mtoto ni wa nani, na bibi yake nani, na bibi huyo alikuwa akikosea wapi alipokuwa mdogo. Binti zangu wawili walihitimu kwake. Ukipita pale jioni, zile sauti za wasichana, na upepo wa ziwa, na yeye anatikisa kichwa taratibu, ungesema nyumba ile haina shida duniani.

Shida ilikuwa sukari. Kila asubuhi na kila jioni mkwewe Sumeya alimdunga sindano ya insulini. Kichupa chenyewe walikifunga kwa nailoni wakakiweka kwenye mtungi, kwenye ubaridi. Mimi niliwasindikiza Homa Bay siku daktari alipomwanzishia dawa hiyo, kwa hiyo sisemi habari za kusikia. Tulikaa mbele yake watu wanne: mgonjwa, Bashir, Sumeya na mimi. Daktari alisema polepole, kama anayefundisha watoto.

“Hii insulini inatoa sukari kwa damu na kuipeleka mwilini, ifanye kazi. Ni dawa nzuri. Lakini haijui kama mtu amekula au hajala. Ukimdunga halafu usimpe chakula, itaondoa sukari mpaka ibaki kidogo sana. Na ubongo hauna ghala. Mguu unaweza kungoja, mkono unaweza kungoja. Ubongo hula kile kilicho kwenye damu saa ile ile. Ukikosa, mtu anatoka jasho, anatetemeka, anasahau, anasema maneno yasiyoeleweka. Ukikosa sana, anazimia. Akirudi, huenda asirudi wote.”

“Tumeelewa, daktari,” akasema Bashir. Naye ndiye aliyerudia maneno yale kwa Kiswahili chepesi ili mama yake ashike: “Sindano, kisha uji. Bila uji, hakuna sindano.” Kumbukeni hilo. Ni yeye aliyelisema.

Sasa mwaka ule wa tisini na sita, Bashir alitaka kuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Alikuwa na duka kubwa la vitambaa, ana kofia safi, na Ramadhani nzima alikuwa akifuturisha wanaume barazani pake. Si vibaya kufuturisha watu. Ila maneno ya moshi yalipomfikia, mtu mmoja dukani akamwambia kwa mzaha, “Bashir, kwako naona mnafuturu mara mbili, ya mchana na ya magharibi.” Watu wakacheka. Bashir naye akacheka, lakini alirudi nyumbani amebeba kufuli jipya.

Kesho yake nilikwenda kumwona Bi Asmaa, nikakuta jiko limefungwa.

“Kufuli la nini, Sumeya?”

“La panya, mama.” Hakuniangalia.

“Panya wa siku hizi wanajua kufungua mlango?”

Akashika ufagio, akaanza kufagia. Nikaingia ndani. Bi Asmaa alikuwa amekaa kitandani, midomo mikavu. Aliponiona akatabasamu.

“Nafunga mwaka huu, mwenzangu. Mwanangu ana heshima yake mjini. Siku zenyewe zinakwisha.”

“Na sindano?”

“Sindano ninadungwa. Bashir ameuliza msikitini, ameambiwa sindano si chakula, haifunguzi.”

Mnaona ujanja wa Bashir? Dawa mama apewe, ili asiambiwe amemnyima mama yake dawa. Chakula asipewe, ili asiambiwe nyumbani kwake wanakula mchana. Kote kuwili yeye ni mtu mwema. Aliyebaki katikati ni mama.

Nilimngoja Bashir getini.

“Mwanangu, mama yako hafai kufunga.”

“Mama mwenyewe amenuia, Mama Mubarak.”

“Amenuia au umemnuia?”

“Wewe shughulika na nyumba yako.” Alisema kwa upole, maana kulikuwa na watu wanapita. Bashir hakuwa mtu wa kupaza sauti penye watu.

Siku hiyo nilirudi na uji kwenye chupa ya chai nikaambiwa mama amelala. Siku ya pili yake amelala. Sumeya alikuwa akimpa mkwewe sukari kwa siri, vijiko viwili kwenye maji, hadi Bashir alipoona kikombe kina masalio chini. Hakumpiga. Alichukua kopo la sukari akalipeleka dukani kwake, likawa linakaa huko mpaka magharibi.

Alasiri moja nilipita barazani nikakuta wasichana wanacheka. Bi Asmaa alikuwa akiwasomesha sura fupi, ile ambayo hata mtoto wa miaka sita anaijua, akafika katikati akakwama. Akarudia mwanzo. Akakwama palepale. Jasho lilikuwa linamtiririka na kivuli kilikuwa kimejaa baraza yote. Vidole vinatetemeka. Kisha akamtazama binti wa jirani, mwanafunzi aliyekaa naye mwaka mzima, akamuuliza, “Wewe ni mtoto wa nani, mbona sikujui?”

Wasichana wakacheka zaidi, wakidhani anatania. Mimi sikucheka. Kichwa cha Bi Asmaa ndicho kilikuwa mali yake. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka, alikuwa na kile alichokihifadhi. Na sasa kilikuwa kinaliwa kidogo kidogo, kila mchana, ndani ya nyumba yenye magunia ya mchele.

Nilimwambia Bashir. Akasema, “Ni uzee.”

Haikupita wiki, akaja kwangu mbio Filister, mama anayeuza samaki ufukoni. Filister ni Mkristo, ameolewa hukuhuku, na kila mara akinipa samaki ananiongezea mmoja.

“Min Mubarak, kuja haraka. Dani wenu, yule bibi mwalimu, ako huku soko ya samaki. Ametoa buibui, anaitupa kwa maji. Anapigana na sisi, anasema tumeiba watoto wake.”

Tulikimbia. Bi Asmaa, ambaye sijawahi kumwona bila mtandio hata mbele yangu mimi mwanamke, alikuwa amesimama kati ya mabeseni ya samaki, nywele nje, macho yametoka, anamtukana mzee mmoja wa mashua kwa maneno ambayo sitayaandika. Vijana wengine walikuwa wanasema, “Huyo ameruka akili,” wengine wanasema ana mapepo, aombewe.

“Ana njaa,” nikasema. “Leteni soda.”

Filister akaleta soda yake mwenyewe, akamshika kidevu kama mtoto, akambembeleza. “Madhi, dani. Kunywa kidogo. Kidogo tu, mama.” Bi Asmaa akanywa, nyingine ikamwagika kifuani. Tukamkalisha kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Muda si mrefu jasho likakauka. Akatutazama mmoja mmoja, akajishika kichwa, akakuta hakijafunikwa. Filister alivua leso yake akamfunika.

“Nimefanya nini?” Bi Asmaa akaniuliza kwa sauti ndogo.

“Hukufanya kitu. Umekunywa soda.”

Akaanza kulia. Ndugu zangu, soda moja ilimrudisha. Si mganga, si maombi, si mapepo kutoka. Sukari iliingia kwenye damu, ubongo ukala, mtu akarudi. Kila aliyekuwa pale alijionea.

Nilimpeleka nyumbani nikamweleza Bashir yote, mbele ya Sumeya. Nilidhani ataanguka magotini kwa mama yake. Unajua alichoniambia?

“Yaani mmemfunguza mama yangu mbele ya wauza samaki.”

Nilihisi kinyaa, kile cha kukanyaga kitu kibichi gizani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Ustadh Abdikarim, anayetusalisha.

Ustadh alinisikiliza huku mikono yake inachezea tasbihi, kisha ikaacha kuchezea.

“Aliniuliza kama sindano inafunguza,” akasema. “Nikamjibu sindano ya dawa haifunguzi. Hakuniambia ni sindano gani, wala ya nani. Angeniambia, ningemwambia mama yule ale, na kwa kila siku alishwe maskini mmoja. Mungu hakuumba Ramadhani iue watu.”

“Basi mwambie.”

“Nitamwambia leo.”

Na alimwambia. Bashir aliinamisha kichwa, akaweka mkono kifuani. “Nimesikia, Ustadh. Kesho nina wageni, kamati nzima na wafanyabiashara kutoka Migori. Keshokutwa mama atakula.” Ustadh akamwambia, “Keshokutwa? Kwa nini si leo?” Bashir akasema, “Hata leo, Ustadh. Hata leo.” Mtu anayekubali haraka hivyo, mchungeni.

Kesho yake jiko lilifunguliwa. Wanawake walikuja tangu mchana kukaanga sambusa na kupika pilau, na mbuzi alichinjwa. Nyumba ilinukia hadi barabarani. Lakini Bashir alimwita Sumeya pembeni, haya Sumeya mwenyewe alinieleza baadaye huku akijipiga mapaja. “Hawa wanawake wote wamefunga. Wakimwona mama anakula mbele yao, maneno yataanza upya. Afungiwe chumbani. Na sindano ya jioni mdunge mapema, apumzike, asije akatoka kama juzi.”

“Lakini hajala tangu asubuhi,” Sumeya akasema.

“Atafuturu pamoja na watu. Wewe fanya nilivyosema.”

Sumeya akafanya. Aliogopa. Mimi simtetei, lakini pia siwezi kumweka kiti kimoja na yule aliyeagiza.

Nilifika karibu na magharibi na bakuli langu la kaimati. Wanaume wamejaa barazani, Bashir anazunguka na birika la kuwanawisha mikono, anaita kila mtu sheikh. Nikaingia ndani.

“Bi Asmaa yuko wapi?”

“Amelala,” akasema Sumeya.

“Magharibi hii? Yeye, alale magharibi?”

Uso wa Sumeya ulibadilika. Akatoa ufunguo kifuani, akanipa. Nikafungua mlango mimi.

Bi Asmaa alikuwa sakafuni, ubavu kwa ubavu na kitanda. Mwili unaruka, miguu inapiga ukuta, povu mdomoni limechanganyika na damu ya ulimi. Alikuwa amejikojolea. Na ukuta ule uliokuwa ukipigwa na miguu yake ndio ukuta wa baraza. Wanaume walikuwa wameuegemea upande wa pili wakingoja adhana. Bila shaka walisikia. Wakadhani ni watoto.

Niliita watu. Nikachovya kidole kwenye shira ya kaimati, ile sukari nzito iliyoyeyushwa, nikampaka ndani ya shavu na kwenye ufizi, maana kumnywesha asingeweza, angepaliwa. Bashir akaja mlangoni. Akamtazama mama yake pale chini. Halafu akafunga pazia nyuma yake akasema, “Shusheni sauti. Wageni ndio wanaanza kula.”

Nimezika mume, nimezika na watoto wawili. Nimeona mengi ya kuchukiza. Maneno yale ndiyo yaliyonichukiza kuliko yote.

Nilimsukuma nikapita, nikatoka barazani nikiwa na mikojo kwenye kanga, nikasema mbele ya kamati nzima, “Mama wa huyu anayewalisha anakufa ndani kwa njaa. Nani ana gari?” Mmoja wa wageni wa Migori alikuwa na pikapu. Tukampakia, mimi na Sumeya tukampakata nyuma hadi Homa Bay. Bashir alipanda mbele.

Hospitalini walimtilia sukari kwenye mshipa. Mtetemeko ulikuwa umeisha, lakini hakuamka upesi kama siku ile ya soda. Alikaa siku kadhaa amelala tu. Daktari ni yule yule.

“Alikula nini kabla ya sindano?” akauliza.

Nikamwambia Bashir, “Jibu, wewe ndiye uliyeelewa.”

“Alikuwa amefunga,” Bashir akasema.

Daktari akavua miwani. “Ubongo wake umekaa bila chakula muda mrefu sana. Sehemu ya kuweka kumbukumbu ndiyo huumia vibaya zaidi. Atapona mwili. Kumbukumbu, sijui.”

Bashir akataka kujua, kwa kuwa sindano ndiyo iliyoleta balaa, si heri iachwe kabisa? Daktari akatikisa kichwa. “Ukiiacha, sukari itapanda, atakojoa mpaka akauke, na atakufa. Insulini haijamkosea mama yako.”

Bi Asmaa alipofungua macho alituamkia sote vizuri, akauliza hapa ni wapi. Tukamwambia. Akauliza tena. Tukamwambia tena. Mpaka leo anauliza. Zile sura alizozihifadhi zimebaki vipande vipande. Huanza moja kwa sauti ile ile tamu, kisha akaingia kwenye nyingine bila kujua, na hakuna wa kumwambia ameruka. Wasichana walikuja siku chache, wakaacha kuja.

Bashir alisema ni kudura ya Mungu. Kila mtu aliyekuja kumpa pole aliambiwa hivyo, na wengi walimjibu, “Ndiyo, kudura.” Ustadh alikataa kusema hivyo, akasema wazi kwamba mtu huyo hafai kuongoza chochote. Basi Idi ikapita, kamati ikakutana, wakamchagua Bashir mwenyekiti. Mmesoma sawasawa. Walisema ni mkarimu. Walikuwa wamekula kwake.

Sumeya aliniomba nimchukue mkwewe, naye huja kila siku kumdunga. Anakaa kwangu sasa. Uji hutangulia kuiva, ukishafika mkononi mwake ndipo sindano inatoka mtungini.

FUNZO

Ninyi mlio na wagonjwa wa sukari nyumbani, shikeni hili: sindano ya insulini na chakula haviachani. Usimdunge mtu ukamnyima kula, wala usimnyime sindano kwa kuogopa yaliyompata Bi Asmaa. Mgonjwa akianza kutoka jasho la baridi, akitetemeka, akisahau majina au kugombana bila sababu, msiseme uzee, msiseme mapepo, msimcheke. Mpeni kitu kitamu kama bado anaweza kumeza, kisha chakula, kisha hospitali. Kumbukumbu ya mtu inahitaji kulishwa kama tumbo lake.

Ninyi wenye kuchungulia moshi wa jirani, muulizeni mgonjwa hali yake, msiulize sufuria yake.

Na wewe unayeabudu ili uonekane, jua kwamba mwenye kuifaradhisha saumu ndiye aliyemsamehe mgonjwa. Ukimfungisha mtu aliyesamehewa, hukumtii Mungu, umewatii watu wa dukani. Mama hageuzwi pazia la kufunikia jina la mwanawe.

Maneno haya sikumficha Bashir. Nilimwambia ana kwa ana siku alipokuja kwangu baada ya sala ya Ijumaa na kanga mpya ndani ya karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho, ametazama mkeka. Bi Asmaa alikuwa amekaa karibu yetu anakunywa uji. Aliweka kikombe chini, akamgeukia kwa adabu, kama anavyofanya kwa kila mgeni.

“Karibu, baba. Umetoka mbali?”

“Natoka hapa tu,” Bashir akasema.

“Na mama yako, hajambo?”

Bashir alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Aliiweka ile kanga juu ya mkeka, akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake.